Makumbi Tele, Kaya ya Nini?

Niseme wazi, atakayenuna anune: ukija kupiga kambi huku kwetu pwani halafu ukaingia msitu wa kaya kuokota vijiti vya kuwashia moto, wewe si mtu wa porini. Wewe ni mgeni asiye na adabu.

Kila wikendi ndefu naziona hizo video. Jamaa katoka mjini na kisu kipya, anabandua gome la mti, anakusanya majani makavu, anatuambia anatumia "vitu vya asili tu". Nyuma yake msitu mnene. Sasa sikiza: kuanzia hapa Waa ukishuka mpaka Diani, mara nyingi kipande cha msitu kilichobaki kimesimama karibu na bahari ni kaya. Humo Wadigo wa zamani waliishi, wakazika watu wao, na wazee bado wanaingia kuomba dua. Kaya Kinondo imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2008. Mgeni akienda pale anafungwa kaniki nyeusi kiunoni, na hatoki na kitu. Hata jani.

Najua mtaniambia, "Lakini vijiti vishaanguka, si takataka hizo?" Si takataka. Msitu haununui mbolea. Jani likioza ndiyo chakula cha mti, na gogo likilala ndiyo nyumba ya wadudu. Kinondo yote ni kama hekta 30 tu. Leo unachukua wewe kidogo, kesho mwenzako kidogo, na "kidogo" ndiyo iliyomaliza misitu mingine. Na wewe wa gome ndiyo balaa kabisa: ukilibandua kuzunguka shina, mti unakufa umesimama.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mama wa kijijini anapikia kuni kila siku. Wazee wakimwambia humo usiokote, anapita mbali na mzigo wake kichwani. Yeye ana watoto wa kulisha. Wewe una watazamaji wa kufurahisha. Halafu yeye ndiye afuate sheria?

Na hata huhitaji msitu! Nenda chini ya mnazi, muombe mwenye shamba. Chambua kumbi kavu mpaka upate nyuzi laini, ufanye donge kama ngumi. Weka na kilifu, ule utando kama gunia unaoshika makuti kwenye shina. Kiberiti kimoja kinatosha. Juu yake vunjia kuti kavu, kisha karara, mwisho vifuu. Vifuu vikishika, utachoma samaki mpaka uchoke. Hakuna petroli, hakuna mti uliouliwa. Bibi zetu wamewasha hivyo miaka yote, na hakuna aliyewapigia makofi.

Ukimaliza, mwagia maji mpaka makaa yapoe. Usifukie na mchanga ukaondoka, makaa hukaa na moto chini na kesho mtoto atakanyaga.

Kwa hiyo mnaojiita watu wa asili, asili ya huku ina wenyewe na ina masharti. Video ijayo nataka kuona makumbi. Nikiona tena gome la kaya, nitauliza hapo hapo kwenye maoni: ulimuomba nani?