Mpiga Ngoma Naye Ana Jina

Juzi usiku palikuwa na arusi hapa Timbwani. Chakacha iliyopigwa ni ile ile tuliyozaliwa tukaikuta, lakini ngoma hazikuwapo. Palikuwa na kinanda cha umeme, na ndani yake mdundo uliokwisha kutiwa tangu kiwandani. Kijana akibonyeza, msondo hulia. Akibonyeza tena, hunyamaza. Akina mama walicheza na hapana aliyelalamika. Mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza: wapiga msondo na chapuo wa Likoni wamekwenda wapi, na ni nani awajuaye kwa majina?

Nilimkumbuka mtu wa mbali, Mongo Santamaría. Alizaliwa Havana, Kuba, mwaka 1917. Alipokuwa kijana aligawa barua ili apate riziki, na huku akipiga tumba, ngoma ndefu ambayo asili yake ni watumwa waliochukuliwa kutoka Kongo. Mwaka 1950 alihamia New York, akapiga katika bendi ya Tito Puente, kisha ya Cal Tjader. Mwaka 1959 alitoa muziki wake uitwao "Afro Blue", ambao ndani yake mapigo matatu hushindana na mawili. Mtu wa Pwani akiusikia hatashangaa, kwani mashindano hayo ndiyo chakacha yenyewe. Baadaye John Coltrane naye aliupiga. Santamaría alifariki Miami mwaka 2003, na magazeti makubwa ya Marekani yakaandika maisha yake.

Hapana shaka alikuwa fundi. Lakini mafundi ni wengi. Yeye sahani zilitoka kwa jina lake, jina la mpiga ngoma, na kwa hiyo hakusahauliwa.

Na sisi je? Bi Zuhura Swaleh ndiye aliyesifika kwa kuitia chakacha katika taarab, na sifa hiyo ni haki yake. Marehemu Zein l'Abdin na udi wake, marehemu Juma Bhalo na sauti yake, hapana asiyewajua. Lakini muulize mtu ni nani aliyewapigia dumbaki au tabla. Wachache watakujibu. Hata Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, twamkumbuka kwa uimbaji, ilhali katika unyago alijifunga msondo kiunoni akaupiga mwenyewe, na umri umekwenda.

Wako watakaosema kwamba ngoma za arusini ni upuuzi, au kwamba hazifai. Rai yao naiheshimu na sibishani nao. Lakini tutazame dufu la maulidi. Mtoto hukaa karibu na mwalimu wake, humfuata mkono kwa mkono mpaka akaweza, na mwalimu akifa huombewa dua kwa jina lake. Basi njia ya kuhifadhi ujuzi tunayo. Kwa dufu tumeitumia. Msondo tumeuachia mashine.

Sisemi kinanda kivunjwe. Ni rahisi, na mtu mmoja hutosha. Lakini kinanda hakimtazami mchezaji. Mpiga chapuo humwona mama anayechoka akapunguza, na anayechangamka akazidisha. Ujuzi huo haumo kiwandani, umo mikononi mwa wazee, na wazee wanatutoka.

Kwa hiyo rai yangu ni nyepesi. Mwenye arusi akiweza, aite wapigaji wawili watatu wakae pamoja na kinanda. Mwenye kurekodi ataje majina ya wote waliopiga, si ya mwimbaji peke yake. Na wewe msomaji, ukiwa babu yako au bibi yako alipiga ngoma, muulize leo ni nani aliyemfundisha, uandike majina yote mawili. Kesho huenda usimkute wa kumuuliza.