Hatua za Kalkulasi si Mapambo ya Daftari

Wanaoanza kalkulasi hupokea ushauri mwingi kutoka kwa waliowatangulia, na sehemu kubwa ya ushauri huo inapotosha. Tuupitie dai kwa dai.

"Jibu likiwa sahihi, yatosha." Msahihishaji hasomi jibu peke yake. Katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, kuna alama za njia na kuna alama za jibu. Aliyeonyesha njia akateleza kwenye kuzidisha huondoka na kitu. Aliyeandika namba tupu, ikawa siyo, huambulia sifuri.

"Hatua hupoteza muda." Chukua bati la mraba, sentimita 30 kila upande. Unakata mraba mdogo kila kona, unakunja kingo, unapata trei. Ukate kiasi gani ili trei ibebe kingi zaidi? Upande wa kipande uwe x. Kitako kina upande wa 30 − 2x na kimo ni x, hivyo ujazo ni

V = x(30 − 2x)² = 4x³ − 120x² + 900x.

Tofautisha:

V′ = 12x² − 240x + 900 = 12(x − 5)(x − 15).

V′ ikiwa sifuri, x ni 5 au 15. Aliyeruka hatua anabaki kubahatisha achague ipi. Aliyeandika 30 − 2x anaona papo hapo kwamba 15 inamaliza bati lote, kitako hakipo. Kwa 5, ujazo ni 5 × 20 × 20, yaani sentimita za ujazo 2,000.

"Kariri kanuni, mengine yatajipa." Tafuta integrali ya 1/x² kuanzia −1 hadi 1. Kanuni inakupa −1/x. Weka 1, unapata −1. Weka −1, unapata 1. Toa, jibu −2. Lakini 1/x² haiwi hasi popote, sasa eneo lililo chini yake litakuwaje hasi? Penye x = 0 grafu inapaa bila kikomo, na kanuni hairuhusiwi kuvuka hapo. Integrali hiyo haina thamani. Kanuni umeikariri vizuri. Ulichoruka ni kuuliza kama inafaa.

"Vipanga hawaandiki hatua." Hutajwa Srinivasa Ramanujan wa India, ambaye mwaka 1913 alimwandikia G. H. Hardy wa Cambridge barua iliyojaa matokeo, integrali zikiwamo, bila uthibitisho. Mengi yalikuwa sahihi, tena ya kustaajabisha. Lakini baadhi ya madai yake kuhusu namba tasa yalikuwa na makosa, na Hardy hakuacha kumdai uthibitisho. Kama kipanga yule alidaiwa, sisi je?

"Simu inafanya yote." Kukokotoa inakokotoa, tena kwa sekunde. Ila ukikosea ukaiandikia x(30 − x)², itakujibu 10 bila kusita. Kata 10 kwenye bati lako uone: trei itabeba 1,000, nusu ya ile ya kwanza.

Ukishazoea, fupisha kuzidisha na kutoa upendavyo. Mstari unaosema x ni nini, na ule unaohakiki jibu, usiuruke hata ukiwa na haraka.