Usinunue Mbolea kwa Mstari Mnyoofu

Ndugu mkulima, na wewe mwenye duka la pembejeo, siku hizi kikokotoo cha kuchora grafu kinapatikana hata ndani ya simu. Ukikipa namba, kinakutolea mstari na hesabu yake. Ni chombo kizuri, lakini nasema wazi: kukopa fedha za mbolea kwa kufuata mstari mnyoofu ni kujitafutia hasara.

Tuchukue mfano wa namba nyepesi. Ekari moja ya mahindi isiyowekwa mbolea ya kukuzia inatoa magunia 6. Ukiweka mfuko mmoja unapata 11, miwili 14, mitatu 15. Ingiza namba hizo kwenye TI-84 na uchague LinReg, yaani mstari mnyoofu. Jibu ni 7 + 3x, x ikiwa idadi ya mifuko. Kipimo cha uhusiano, r, kinatoka 0.96, karibu kabisa na 1. Mtu atashangilia: kila mfuko unaleta magunia 3, basi mifuko 5 italeta 22!

Sasa tazama namba zenyewe. Mfuko wa kwanza umeongeza magunia 5, wa pili 3, wa tatu 1 tu. Mmea nao hushiba. Chagua QuadReg, mstari uliopinda, upate 6 + 6x − x², unaopita kwenye nukta zote nne. Huo kwa mifuko 5 unasema magunia 11, nusu ya ahadi ya kwanza.

Hapo ndipo fedha yako ilipo. Tuseme mfuko, pamoja na usafiri na kibarua, unagharimu sawa na gunia moja na nusu la mahindi. Mfuko wa kwanza na wa pili unalipa. Wa tatu unakula nusu gunia lako, ingawa ndio unaoleta mavuno makubwa zaidi. Anayetaka sifa ataweka mitatu. Anayetaka faida aishie miwili.

Je, tuuamini mstari uliopinda kwa kila kitu? Hapana. Uulize kuhusu mifuko 7, utakujibu gunia moja chini ya sifuri! Mstari wowote unajua ulichopima tu. Nje ya hapo unabahatisha.

Kwa hiyo, pima shambani kwako. Tenga vipande vinne vya mita 10 kwa 10, kila kimoja ni kama sehemu ya 40 ya ekari. Mfuko wa kilo 50 kwa ekari unakuwa kilo 1.25 kwa kipande. Kimoja kiache bila mbolea, vingine weka kilo 1.25, 2.5 na 3.75. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda moja, palizi moja. Vuna, kausha, pukuchua, pima, kisha zidisha kwa 40. Nukta hazitapangana vizuri kama za mfano wangu, na msimu mmoja hautoshi, hivyo rudia mwaka unaofuata. Chora nukta kwenye karatasi uzitazame kwa macho kabla ya kubonyeza kitufe chochote.

Nawe mwenye duka, usimsukumie mteja mfuko wa tatu. Akipata hasara, msimu ujao hatanunua hata wa kwanza.