Bei ya kilo ya ziada iandikwe ukutani

Abiria wa Butembo anayekwenda Kinshasa kupitia Beni huanza safari yake barabarani. Hutoka alfajiri kwa gari au pikipiki, hupita Maboya, hukata zaidi ya kilometa 50 hadi Beni, kisha huendelea mpaka uwanja wa ndege wa Mavivi. Akifika hapo tiketi iko mfukoni na nyumbani ni mbali. Si mahali pazuri pa kuambiwa kwa mara ya kwanza kwamba sanduku limezidi na kwamba kila kilo ya juu inalipiwa dola kadhaa.

Kuhusu uzito wenyewe, abiria hana haki ya kubishana. Ndege nyingi ndogo zinazohudumia miji ya mashariki ya Kongo, kama Let 410 au Dornier 228, zina viti 19. Watu 19 wenye kilo 75 kila mmoja tayari ni kilo 1,425, kabla ya mafuta na kabla ya sanduku hata moja. Kila abiria akificha kilo 10 tu, ndege inaruka na kilo 190 ambazo rubani hazijui, sawa na watu wazima wawili na zaidi wasio kwenye orodha. Butembo ina ugumu wake pia: mji uko juu, hewa ni nyepesi, na ndege inayoruka kutoka Rughenda haiwezi kubeba kile ambacho ingebeba ikitoka bondeni.

Namna mzigo ulivyopangwa nayo ni muhimu. Agosti 2010 Let 410 ilianguka Bandundu, wakafa watu 20. Mmoja tu alinusurika, naye alisimulia kwamba mamba aliyefichwa ndani ya begi alitoka, abiria wakakimbilia mbele, na ndege ikapoteza mizani. Beni na Butembo hazihitaji kufundishwa huzuni ya ajali: Novemba 2019 ndege iliyokuwa ikienda Beni ilianguka juu ya nyumba za watu Goma muda mfupi baada ya kuruka. Kwa hiyo anayegawa mabegi yake kwa abiria asiowajua ili akwepe malipo anacheza na roho za watu.

Lakini bei ya kilo imepangwa na watu ofisini, na jambo lililopangwa na watu linaweza kuandikwa. Mtalii anayepeleka vifaa vya kuzamia baharini Zanzibar husoma kabla ya kununua tiketi kwamba ana kilo 23, kwamba mtungi wa hewa lazima uwe mtupu, na kwamba betri za ziada za tochi anazibeba mkononi. Mfanyabiashara wa Butembo anayekwenda Dubai au Guangzhou kupitia Entebbe anaijua hesabu hiyo kwa kichwa. Akirudi kwao, kwa safari ya ndani ya nchi yake mwenyewe, anaanza kuuliza huku na huku.

Wanaoumia zaidi ni wanaosafiri na kazi yao. Fundi wa umeme wa jua ana betri na vifaa vya chuma. Mwanamuziki ana kinanda. Mwandishi wa habari ana kamera na taa. Hao hawawezi kupunguza mzigo kama mama anayeacha nusu ya maharagwe aliyompelekea dada yake. Fundi asipojua mapema kwamba betri yake inaweza kukataliwa kabisa, hata akiwa na pesa za kulipia, amepoteza betri, na pengine kazi iliyokuwa ikimngoja.

Makampuni yanaweza kujibu kwamba bei ya mafuta hubadilika. Sawa. Muuza viazi wa Lubero naye hubadilisha bei kila wiki, na bado anaitaja kabla hujafungua mfuko. Tangazo liandikwe tarehe, libadilishwe bei inapobadilika. Mfano upo hapa hapa: Go-Pass ilipoanza mwaka 2009 watu walinung'unika sana, lakini kila mtu alijua ni dola 10 kwa safari za ndani na 50 kwa za nje, na alipewa karatasi. Kilo ya ziada nayo ipewe karatasi yake.

Kisha kuna mizani. Mkulima wa kakao wa Beni hakubali kilo za mnunuzi mpaka aone mshale kwa macho yake. Abiria naye aone namba. Na kila ajensi inayouza tiketi katikati ya Butembo iweke mizani dukani, ili mtu apime na kupunguza akiwa bado karibu na kwake. Mamlaka ya usafiri wa anga inaweza kulidai hilo kama sharti, na serikali ya mkoa, ambayo tangu Goma ilipoanguka Januari 2025 inafanya kazi kutoka Beni, haina safari ndefu kwenda Mavivi kukagua.

Kwa sasa, anayenunua tiketi aulize dirishani: kilo ngapi bure, kilo moja ya ziada ni dola ngapi, na je, betri au vyombo vyake vitapokelewa. Majibu hayo ayaombe yaandikwe nyuma ya tiketi, pamoja na jina la aliyeyatoa.