Barua za Waandishi Wetu Tusiwaachie Mchwa

Mwaka jana nilikwenda Migori kutafuta barua za mwalimu mmoja, marehemu sasa, aliyetunga vitabu vya kusomea vya Kijaluo. Mjane wake alinifungulia sanduku la bati. Ndani mlikuwa na vumbi, vipande vya bahasha, na mchwa. "Mwanangu," akaniambia, "hakuna aliyewahi kuziulizia."

Kauli hiyo imenikaa moyoni, kwani barua haidumu ila pale alipo mtu aliyeamua idumu. Shaaban Robert alimwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi. Ulenge akazitunza barua hizo, na ndiyo maana mwaka 2002, miaka 40 baada ya mshairi kufariki, zilichapishwa katika kitabu *Barua za Shaaban Robert 1931–1958*. Kwetu sisi wanaisimu hiyo ni hazina kubwa. Kitabu hupitia mikononi mwa mhariri. Barua ya ndugu kwa ndugu haipitii. Humo lugha huonekana ingali na jasho la mwenyewe.

Tutazame Homa Bay. Barack Obama, babake rais wa 44 wa Marekani, alikuwa mtu wa Kendu Bay. Kabla ya kwenda Hawaii mwaka 1959 aliandika vijitabu vya Kijaluo vya elimu ya watu wazima. Barua zake za miaka ya 1958 hadi 1964, za kutafuta msaada wa masomo, ziligunduliwa mwaka 2013 katika kituo cha Schomburg, Harlem, New York. Hivyo basi, kijana wa Kendu Bay atakaye kuziona karatasi zenyewe hana budi kuvuka bahari.

Sisemi kwamba tumeibiwa. Wenzetu walihifadhi walichopokea; lawama ni yetu tusiohifadhi tulicho nacho.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti maktaba na majumba ya makumbusho. Migori na Homa Bay hazihitaji jengo la fahari ili kuanza: chumba kikavu, kabati la chuma na karani asomaye Kijaluo vyatosha. Familia zibaki na umiliki, na zinazohofia siri zao ziruhusiwe kutaja miaka ambayo barua zitafungwa. Lakini tuanze sasa, wajane wangali hai wa kutuonyesha sanduku lilipo. Mchwa hawangoji bajeti.