Kutoka Gungu hadi Gombe

Wako wakazi wengi wa Gungu waliokwisha kufika Dar es Salaam kwa garimoshi, safari ya kilometa zaidi ya 1,200, ambao hawajapata kukanyaga Gombe iliyo kilometa 16 tu kaskazini ya mji wa Kigoma. Hata mimi nilikuwa mmoja wao. Hakuna barabara iingiayo humo, na mwenye kutaka kufika hana budi kupanda boti, kana kwamba anakwenda kisiwani.

Safari huanzia mwalo wa Kibirizi. Boti za abiria ziendazo Mwamgongo, na vijiji vingine hadi Kagunga mpakani, huondoka adhuhuri zikiwa na shehena na akina mama watokao sokoni, nazo hurudi asubuhi mapema. Basi mwenye kuzitegemea ajue kwamba atalala huko. Jamaa kadhaa wakichangishana wanaweza kukodi boti yao, lakini wasiipande kabla ya kila mmoja kuvaa boya lake, kwani ziwa hili huchafuka ghafla.

Keti upande wa kulia. Utaona vilima vilivyolimwa mihogo na michikichi hadi juu, kisha kwa ghafla mashamba hukoma na msitu huanza. Hapo ndipo mpaka wa hifadhi. Magharibi sokwe wamezuiwa na maji, na pande nyingine na majembe yetu. Kisiwa chao ni hicho.

Ndani hakuna gari. Utatembea kwa miguu pamoja na mwongozaji, kwa njia nyembamba zenye miteremko mikali, na maporomoko ya Kakombe yanatosha kukulipa jasho lako. Chakula usikifungue ufukweni, kwani nyani wa pale ni wanyang'anyi wazoefu.

Lakini jambo lililotugusa sisi lilikuwa kikohozi. Usiku wa kuamkia safari, mwanetu wa miaka 16 alianza kukohoa, naye ndiye aliyeihesabu siku hiyo kwa miezi. Mama yake alisema mafua si ugonjwa. Mimi nilikumbuka kwamba mwaka 1966 polio ilizuka miongoni mwa sokwe wa Gombe, ikaua baadhi yao na kulemaza wengine. Wale sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza Julai 1960. Maradhi yetu ya kifua nayo yamekwisha kuwaua sokwe. Mgonjwa haruhusiwi kuwakaribia, na kumficha mgonjwa ni rahisi mno.

Tulimwacha kwa bibi yake. Hakuniaga.

Tuliporudi aliuliza swali moja tu: kama tuliwaona. Tuliwaona, jike na mwanawe mgongoni, kwa muda usiofika robo saa. Nauli yake ya mwezi wa nane imekwisha wekwa kando.