Tabia Mkuu na Njama ya Riwaya: Juu ya Ukimya wa Wahakiki Mtandaoni

Imekuwa desturi katika makongamano yetu kulalamika kwamba Kiswahili kimeachwa nyuma mtandaoni. Lawama hutupiwa makampuni ya kigeni, serikali, ughali wa vifaa na kasumba ya ukoloni. Makala haya yananuia kuielekeza lawama hiyo mahali isipozoea kwenda: kwa idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu, ikiwemo idara ya mwandishi mwenyewe.

Tuanze na kisa kidogo. Muhula uliopita mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliwasilisha insha juu ya riwaya, akazungumzia humo "tabia mkuu" wa kitabu na "njama" yake. Mwanzoni tulidhani ni mzaha. Kumbe alikuwa ametafuta mtandaoni maelezo ya vipengele vya riwaya, akayapata katika Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine kutoka Kiingereza. Katika lugha hiyo neno moja hubeba maana ya mhusika na ya hulka. Jingine hubeba maana ya msuko wa matukio na ya hila ya siri. Mashine hujifunza kutokana na yaliyokwisha kuandikwa. Ikiwa haikukutana na "mhusika" na "msuko" mara za kutosha katika maandishi ya uhakiki, itashika maana iliyoizoea katika habari za magazeti na kwingineko. Halafu tafsiri hiyo nayo huwekwa mtandaoni, ikawa somo la mashine itakayofuata. Kosa hili si la mwanafunzi, wala hatuwezi kuishtaki mashine. Istilahi hizo tunazo tangu zamani, nasi ndio tuliozifungia.

Yamkini mwenzetu atajibu kwamba hazikufungiwa, kwani tasnifu nyingi za Kiswahili sasa zimo katika hifadhi za kidijitali za vyuo. Ni kweli, na ni hatua ya kushukuriwa. Lakini tasnifu huandikwa kwa ajili ya watahini. Msomaji hupitishwa katika usuli wa mada, sababu za kuichagua mada, misingi ya nadharia na mapitio ya maandishi, na anapokutana na shairi lenyewe amekwisha kuchoka. Mwalimu wa shule ya upili anayetaka aya tano za kumfafanulia shairi moja hana haja na kurasa mia mbili.

Tumtazame Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata 1840. Sehemu kubwa ya tungo zake ingepotea lau si Mwalimu Sikujua, msomi wa Mombasa, aliyeshirikiana na mmisionari W. E. Taylor kuzikusanya mwishoni mwa karne ya 19. William Hichens alizitoa kitabuni mwaka 1940 huko Johannesburg. Na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akachapisha Nairobi uchunguzi wake juu ya mshairi huyo. Karatasi za Taylor zimo London, na ni taasisi ya London iliyoziorodhesha mtandaoni. Hatuna kinyongo na London kwa hilo. Orodha ni bora kuliko mchwa. Lakini orodha haifasiri. Tungo nyingi za Muyaka ni silaha za siasa ya mji: asiyejua uhasama wa Wamazrui wa Mombasa na Sayyid Said wa Omani, wala asiyejua maana ya Lamu katika ugomvi ule, husoma fumbo pasipo ufunguo. Isitoshe, yapo maneno ya Kimvita ambayo hata Mswahili wa leo huyakwepa. Ufunguo huo tunao sisi, tunautoa darasani kila mwaka kwa wanafunzi ishirini, kisha tunaurudisha mfukoni.

Badala ya kazi hiyo, tumejishughulisha na nini? Tumebishana juu ya istilahi. Je, ni ngamizi, tarakilishi au kompyuta? Je, ni wavuti, mdahalishi au intaneti? Mwandishi naye alishiriki katika ubishi huo, tena kwa ukali, na hajutii yote. Hata hivyo, "barua pepe" haikushinda kwa uamuzi wa kikao. Ilishinda kwa sababu watu waliandikiana barua hizo na kuzitaja. Istilahi isiyo na matini ni shati lisilo na mwili.

Mwaka 2009 kampuni ya Google ilianzisha shindano la kuandikia Wikipedia ya Kiswahili, iliyokuwapo tangu 2003, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakaalikwa kushindania zawadi. Hapa pana aibu ndogo: mwito wa kuandika Kiswahili uliwafikia wanafunzi wetu kutoka kwa mfanyabiashara, si kutoka kwa walimu wao.

Sababu ya ukimya wetu inajulikana, ila haitajwi hadharani. Makala ya wazi, yasomwayo na yeyote, hayahesabiwi mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo. Huhesabiwa makala yaliyopitiwa na wataalamu wawili, hata yasiposomwa na wa tatu. Hatusemi upitiaji ufutwe; jarida hili lenyewe huishi kwa huo. Tunasema maelezo ya shairi moja, yakihaririwa na wenzetu wawili na kuwekwa wazi katika tovuti ya idara kwa jina la mwandishi wake, ni kazi ya kitaaluma, nayo ipewe alama zake. Kanuni za kupandishana vyeo hatukushushiwa kutoka mbinguni. Wengi wetu huketi katika kamati zinazozitunga. Hoja ya haki za wachapishaji haituzuii pia, maana hatuombi riwaya za wengine zinakiliwe, tunaomba uhakiki wetu wenyewe.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, yaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Ikiwa Kiswahili, chenye idara, majarida na maprofesa, kimekosa waandishi wa kujitolea, basi Kitaita na Kipokomo vitasubiri sana.

Muhula ujao kila mwanafunzi wa uzamili katika somo letu la ushairi atatakiwa kuandika, kando ya insha ya watahini, maelezo ya maneno elfu moja juu ya shairi moja la Muyaka, ili yahaririwe darasani na kuwekwa wazi. La kwanza litaandikwa na mwalimu wao, na wanafunzi ndio watakaolihariri.